Mkataba Haukumtaja Mbwa

Madalali wa Dar es Salaam wana saa zao za kuonyesha vyumba: kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ukija mapema unakuta foleni ya ndoo bombani. Ukichelewa unaukuta muziki wa baa ya jirani umeshafunguliwa. Mimi nilidhani sababu ni hizo mbili tu. Ya tatu ilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya banda la mbao lililoezekwa bati, imelala usingizi wake wa mchana, inangoja kufunguliwa saa nne usiku.

Chumba chenyewe kilikuwa kizuri, sitakisingizia. Kiko Goba, ndani ya geti, chini vigae, juu feni, na LUKU ni ya kujitegemea, hakuna kugombania yuniti na mwenye pasi. Choo ni cha nje, tunachangia wapangaji watatu, ila kisafi na kina taa. "Kaka yangu," dalali akaniambia, "hapa usalama asilimia mia. Tangu nyumba hii ijengwe haijaibiwa hata kijiko. Na maji hayakatiki." Usalama huo unaletwa na nani, hakusema. Nikalipa kodi ya miezi sita, maana ndiyo ada ya mji huu, na ya mwezi mmoja ikaenda kwa dalali. Mkataba ulikataza mengi: kuwasha jiko la mkaa ndani, kupigilia misumari ukutani, kulaza wageni bila taarifa, kufungulia redio usiku. Mbwa hakutajwa popote. Hata kibao cha "Mbwa Mkali" getini hakikuwepo. Baadaye nilimuuliza baba mwenye nyumba kwa nini, akanijibu bila kupepesa macho kwamba vibao vya namna hiyo vinafukuza wapangaji.

Anaitwa Mtajiju. Jina hilo alipewa wakati mzee alipokuwa akigombania mpaka wa kiwanja na jirani wa upande wa mashariki, na kama bibi zetu wanavyosemana kwa kanga, yeye akasema kwa mbwa. Kila usiku akishamfungulia husimama uani na kuita kwa sauti ndefu, "Mtajijuuu! Mtajiju weee!" Mbwa anakuja akitikisa mkia, na ng'ambo ya ukuta dirisha linafungwa kwa kishindo.

Ni Jamani shepadi halisi, au karibu na halisi: mgongo mweusi, miguu ya kahawia, masikio wima, na pua inayonifikia kiunoni bila yeye kujinyoosha. Sisi tumezoea kuwaona mbwa hawa mikononi mwa polisi, tukadhani walizaliwa askari. Sivyo. Aliyeanzisha uzao huo rasmi mwaka 1899 ni afisa mmoja wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, naye aliutengeneza kutokana na mbwa wa wachungaji. Kazi yao ilikuwa kondoo. Pale ambapo malisho yalipakana na mashamba na hakukuwa na uzio, uzio alikuwa mbwa mwenyewe: anatembea mpakani kutwa, anakwenda na kurudi, kondoo asivuke kuingia kwenye mazao ya watu. Hakutakiwa kumrarua kondoo. Alitakiwa kuhakikisha kondoo ameelewa mstari uko wapi.

Goba hakuna kondoo. Kuna wapangaji.

Mstari wetu ulianzia bombani, ukapita chini ya mwembe, ukaishia kwenye kona ya simtanki. Hakuna aliyeuchora, lakini ungeweza kuuona, kwa sababu nyasi zilikuwa zimekufa pale alipozoea kupita. Upande wa huku kuna vyumba vyetu. Upande wa kule kuna nyumba kubwa, geti na, kwa mawazo ya fundi ambaye Mungu atamuuliza, choo.

Ukisimama huku, Mtajiju ni rafiki. Anakutazama, ulimi nje, hana neno. Ukipeleka mguu mmoja mbele ya mwembe, anasimama. Habweki. Anakuja taratibu, anajipanga ubavuni pako na kukusukuma kwa bega, polepole, mpaka unajikuta umerudi mlangoni kwako na ndoo yako tupu mkononi. Kitu pekee kilichomfanya ageuze njia ni mtetea wa dada wa kazi, mwenye vifaranga. Huyo aliwahi kumdonoa puani, na tangu hapo wakikutana mbwa hujifanya amekumbuka jambo upande wa pili. Mara mbwa alipochelewa kufungwa asubuhi, wapangaji tulikwenda bombani kwa msafara, mtetea mbele, sisi nyuma. Tatizo la kuku ni kwamba usiku analala.

Kwa hiyo kila mmoja alitafuta njia yake. Kijana wa bodaboda wa chumba cha katikati alinunua ndoo yenye mfuniko, na jambo hilo hatukulizungumza. Mama muuza vitumbua ndiye aliyekuwa na pasi ya kuvuka. Yeye huamka saa tisa usiku kukaanga, na kitumbua cha kwanza kutoka kwenye kikaango hakikuwa cha mteja. Kiliruka hewani kutoka mlangoni na kudakwa kabla hakijagusa chini, kisha mama akapita akiimba. Nikajaribu na mimi kwa kipande cha mkate wa juzi. Mtajiju akaunusa, akanitazama usoni, akaukalia.

Ndipo ukaja usiku wa pweza. Pweza wa barabarani hana ubaya wowote, mimi ni shahidi wake wa miaka mingi, ila yule wa siku ile alikuwa na lake. Saa nane usiku tumbo likaniamsha kwa namna isiyo na mjadala. Nikafungua mlango kidogo: macho mawili chini ya mwembe, yamewaka kwa taa ya choo. Nikampigia simu baba mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mpangaji wa chumba cha mwisho, mzee. Samahani sana kwa usumbufu. Naomba umshike Mtajiju, nataka kutoka."

"Saa nane hii? Kwenda wapi?"

"Chooni, mzee."

Kimya. Nikamsikia akinong'ona na mkewe, na mkewe akijibu kwa kirefu. Kisha akarudi kwenye simu, na kwa sauti ya mtu anayetaka kulipanga jambo kwa haki akauliza, "Ndogo au kubwa?"

Mtu mzima mimi, nina shahada, nina bima ya afya, nikasimama gizani nimeshika simu kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, nikatoa taarifa yangu. "Haya, maana ndogo ingengoja kukuche," akasema, na nikasikia malapa yakitafutwa uvunguni. Alikuja na tochi, akamshika mbwa ukosi, wakasimama wote wawili nje ya choo kunisubiri. Sijawahi kufanya haja kwa heshima kubwa namna ile. Asubuhi mama mwenye nyumba akanipitishia chai ya mchaichai na kuniuliza, mbele ya foleni nzima ya ndoo, kama imekuwa ngumu kidogo.

Sasa, mimi ni mtu wa Tanga, na wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi. Kwetu kitu kilichopata mate ya mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo iwe kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Siku moja ya Ijumaa banda liliachwa wazi. Nikiwa nimeinama kufunga mlango, nimevaa kanzu yangu nyeupe, Mtajiju akatoka kunywa maji na kuja kunisalimia. Salamu hiyo ilianzia magotini ikapanda. Mara saba ni nyepesi kuitamka darasani. Jaribu katika wiki ya mgao, wakati dumu la lita 20 linakuja kwa mkokoteni na bei yake inategemea uso wako umekauka kiasi gani. Kijana wa bodaboda alinikuta nikipaka tope kwenye kanzu safi kwa makini, akasimama akaangalia, akaniuliza kwa upole kama nina ndugu hapa mjini anayeweza kupigiwa simu.

Nilimpelekea shehe wa mtaa malalamiko hayo. Nia yangu, nikiri, ilikuwa kupata neno zito la kumpelekea mwenye nyumba ili anirudishie kodi iliyobaki. Shehe akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema mbwa wa ulinzi ana ruhusa yake. Kisha akanikumbusha wale vijana wa Surat al-Kahf, waliolala pangoni miaka 309 na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. "Hao miaka 309," akasema, "na wewe miezi sita unataka kuhama. Nenda kalale."

Mama yangu hakukubali hoja ya pango. Alikuja kutoka Tanga kunitazama, akateremka kwenye bajaji na kapu lake, Mtajiju akabweka mara moja tu kutoka bandani, na mama akamgeukia dereva: "Baba, usizime." Mazungumzo yetu yote tuliyafanyia kwenye upenyo wa geti. "Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa," akaniambia, "na mimi pasipoingia malaika siingii." Kapu likapita juu ya ukuta. Mabumunda yalifika salama. Aliyeyaponda ni mimi, nilipokuwa nalidaka.

Lakini siku niliyomsamehe Mtajiju naikumbuka vizuri. Ilikuwa sikukuu, mchana. Mzee hayupo, dada wa kazi amemtoa mbwa ili aoshe banda, na mbwa amejilaza nyuma ya simtanki. Geti likafunguka. Akaingia dalali, yule yule, na mteja mpya, maana mpangaji mmoja alikuwa akijiandaa kuondoka. Tulikuwa sote tumekaa vibarazani. Nathubutu kusema hakuna kati yetu aliyefungua mdomo.

Dalali alikuwa akitembea kinyumenyume, anamtazama mteja, anapunga mikono. "Mazingira tulivu, kaka. Majirani wastaarabu. Maji hayakatiki." Kisigino chake kikavuka mstari. Mtajiju hakubweka. Alikuja akijipanga ubavuni, akamsukuma kwa bega kama desturi, na dalali, ambaye hakuwa amefundishwa kuwa kondoo, akamrushia teke. Hapo ndipo meno yalipoingia kwenye kigimbi.

Jeraha halikuwa kubwa, ila kichaa cha mbwa si cha kufanyia mzaha: dalili zikishaanza, hakuna dawa. Mama wa vitumbua alikuwa ameshika ndoo kabla sisi hatujasimama. "Sabuni! Maji ya kutiririka, dakika 15, ndivyo wanavyosema hospitali!" Tukamkokota dalali mpaka bombani, kijana wa bodaboda akafungua. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza.

Wote tukamtazama dalali.

Nikaenda kuleta dumu langu. Mama akasugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia, mimi nikamimina kwa jagi, kijana akashika simu kuhesabu. Katika dakika ya nne dalali akasema imetosha, ndugu zangu. "Bado," tukajibu kwa pamoja. Kila jagi lililopita nililijua bei yake. Nikamuuliza, kwa nia njema kabisa, kama maji ya huku huwa yanakatika. Mteja wake alikuwa ameshatoka nje ya geti, na kutoka huko akauliza kwa sauti kama hana chumba kingine upande wa Kinyerezi.

Dakika zilipotimia bodaboda ikampeleka hospitali, akaanza chanjo, na akapangiwa tarehe za kurudi kwa sindano zilizobaki. Mzee aliporudi jioni alipeleka kadi ya chanjo ya Mtajiju ili daktari aione: jina, umri, rangi, tarehe za kila mwaka, sahihi na mhuri. Niliishika mkononi. Katika nyumba ile ndiyo karatasi pekee niliyoiona imejazwa kila mstari.

Kodi yangu ilipokwisha nilihamia chumba masta, choo ndani, hatua chache kutoka kitandani, na wiki za mwanzo bado nilikuwa nikisimama mlangoni mwake nikichungulia kwanza. Kile cha Goba kiko wazi. Vigae vipo, feni inazunguka, kijiko hakijaibiwa. Ukienda kukiangalia, achana na maswali ya maji na LUKU. Gonga chumba cha kwanza, muulize mama kama bado anakaanga vitumbua, na vile viwili vya mwanzo, kimoja cha Mtajiju na kimoja cha kwako, umlipe kabisa vya mwezi mzima.