Glasi za Wageni

"Papa, hii lampi yako inangojea jua liwake kwanza, ndipo nayo iwake?"

Mama jirani aliuliza kwa upole, na huo upole ndio unaonichoma hadi leo. Uani kwangu, hapa Manika, Kolwezi, walisimama watu niliowaita mwenyewe: akina mama waliokuwa wakitoka kisimani, vijana wa pikipiki, shemeji yangu, pamoja na watoto, ambao hawahitaji kuitwa. Juu ya meza, katika jua la saa saba mchana, zilipangwa glasi nane za maji ya chumvi, kila moja na vipande viwili vya shaba. Mwishoni mwa waya palikuwa na taa ya ledi nyekundu, ndogo kama punje ya muhindi. Watu waliitazama taa, wakanitazama mimi, wakaitazama taa tena. Shemeji akakohoa.

Jibu la swali lile ni ndiyo. Hata vibao vya jua vya dukani havitoi umeme usiku. Kinachowasha taa usiku ni betri, na betri ilikuwa sehemu ya pili ya mradi. Sehemu ya pili hainaga watazamaji.

Basi nieleze hapa, maana pale uani sikuruhusiwa kumaliza. Bamba la shaba likichomwa vya kutosha huvaa ngozi mbili za oksidi: ya juu nyeusi, ya chini nyekundu. Ukiliacha lipoe polepole bila kuligusa, shaba na ile ngozi nyeusi hazisinyai sawasawa, kwa hiyo nyeusi hubanduka na kuruka vipande vipande, tena kwa mlio. Ningeweza kukaa kutwa nzima kutazama jambo hilo. Nyekundu inayobaki ni nusu-kipitishi: mwanga ukiipiga, elektroni zinang'oka mahali pake na kutafuta njia. Tumbukiza bamba hilo katika maji ya chumvi pamoja na jingine safi, yasigusane, unganisha nyaya, na elektroni zimepata njia. Mwaka 1839, huko Paris, Edmond Becquerel aliona mwanga ukizaa umeme kati ya mabamba mawili yaliyotumbukizwa katika kimiminika. Alikuwa na umri wa miaka 19. Sijasoma popote kwamba shemeji yake alikohoa.

Maelekezo ya kuchoma bamba yanataka jiko la umeme. Mtu mwenye umeme wa kutosha kuchoma shaba juu ya jiko anatafuta nini kwenye taa ya glasi? Nikawasha mbabula, jiko la makala, yaani makaa. Lakini makala yana tabia yake: yanainyang'anya oksidi oksijeni na kurudisha shaba tupu. Ndivyo Wasanga walivyotoa shaba katika mawe ya kijani ya nchi hii, muda mrefu kabla kampuni ya migodi ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906. Kila nilipoliweka bamba juu ya makala, pale lilipogusana nayo lilitoka na mabaka safi yanayong'aa. Mbabula yangu ilikuwa inafua shaba kwa ustadi wa mababu, na mimi nilitaka kinyume chake. Kipande cha chuma katikati kikatuliza ugomvi.

Kisha kuunganisha, na hapo ndipo penye utamu. Glasi moja hutoa kama robo volti, na jua likiwa kali, maikroampea 50 hivi. Ledi nyekundu haigutuki kabla ya kuonja karibu volti 2. Ukizifunga glasi kwa mfululizo, bamba lililochomwa la hii kwa bamba safi la ile, volti zinajumlishana: robo mara nane, mbili. Mkondo hauongezeki hata kidogo, na glasi iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayowapangia wenzake kiwango. Ukigeuza moja kinyume, haikai kando kwa aibu, inatoa. Saba kutoa moja ni sita, volti moja na nusu. Wala huwezi kuokoa vyombo kwa kutumia beseni moja, kwa sababu maji ya chumvi nayo ni waya, na umeme utakata njia ndani kwa ndani bila kufika kwenye taa. Kwa hiyo kila jozi lazima iwe na chombo chake. Kwa hiyo glasi za wageni za mke wangu.

Kupata mkondo unafunga safu kwa sambamba. Taa kama ile, ili mtu aione bila kuombwa, inataka kama miliampea 10, yaani safu 200 za glasi nane nane. Glasi 1,600, na hayo ni makadirio ya ukarimu. Mke wangu anazo nane.

Lakini maikroampea 50 si sifuri! Nikamwomba mama jirani ajifunike kikwembe kichwani pamoja na taa, apate giza. Uani pakawa kimya. "Ninaona," akasema, na moyo wangu ukaruka. Kisha: "Ah, hapana. Ni tundu la kikwembe."

Walicheka mpaka wa pikipiki wakasahau abiria wao.

Chekeni nanyi, lakini tukumbushane mji tunaoucheka. Tangu mwaka 1982 kuna njia ya umeme inayotoka bwawa la Inga, kilomita zipatazo 1,700, volti 500,000, na inaishia hapa Kolwezi. Ilijengwa kwa ajili ya migodi. Ni mkondo mnyoofu, sawa na wa glasi zangu, na mkondo wa namna hiyo huwezi kuuchota njiani bila kituo cha kuugeuza chenye gharama kubwa. Ndiyo maana umevuka vijiji na vijiji bila kuwasha hata kibanda. Sawa, hiyo ni fizikia. Sisi tunaokaa unapoishia, fizikia yetu ni ipi? Malori ya shaba yanashuka kwenda mpakani Kasumbalesa usiku na mchana, shaba ya kutengenezea nyaya za watu wengine, na sisi tunapikia makala na kuhesabu mishumaa. Anayechekwa ni mtu mwenye chumvi na glasi.

Kuku walikunywa glasi mbili.

Waya uliibiwa usiku, ukiwa umefungwa.

Shemeji alininunulia kibao cha Kichina chenye betri yake, kinawaka vizuri, sitaki kukizungumzia.

Mabamba niliyapeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Akayapima, akakata bei kwa sababu yameungua. Nikamweleza kwamba huo wekundu ndio sehemu pekee inayofanya kazi, kwamba nilichoma makala ya wiki nzima kuupata. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndiye mtu pekee. Kisha akanipa jiwe la kusugulia, akasema yakitakata ataongeza faranga mia tano.

Nilisugua.