Barua ya Wazi kwa Wazee wa Kanisa: Ombi la Watoto Kusajiliwa Kuwa Viti

Wazee wangu watukufu wa Baraza, shikamooni.

Ama baada ya salamu, pamoja na taadhima iwastahiliyo watu wenye funguo, mimi mwalimu wa shule ya Jumapili katika kanisa letu hapa Musoma, ambalo jina lake nalistiri kwa kuwa bado nasali humo, nawaandikia waraka huu nikiwa nimeketi juu ya mzizi wa mwembe, ambao ndio kiti pekee nilichokabidhiwa na Baraza tangu nipewe kazi hii.

Kwanza nashukuru. Nashukuru kwamba kila mwaka, katika sikukuu ya watoto, hamkosi kusema kwa sauti yenye kutetemeka kwa mapenzi kuwa watoto na vijana ndio kanisa la kesho. Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza nikiwa na miaka 7. Leo nina miaka 34, Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 imenibakizia mwaka mmoja tu wa ujana, na kesho yenyewe haijapambazuka.

Sasa nije kwenye haja. Chumba cha watoto, kama mjuavyo, kilijengwa kwa jina la watoto. Mliagiza kila mtoto aje na tofali moja, nao wakaja nalo, wengine wakilibeba wawili wawili kwa kuwa lilimzidi uzito mbebaji. Vijana wakasomba mchanga. Bati likanunuliwa kwa fedha za mnada wa kuku na ndizi baada ya ibada. Kilipokwisha kupauliwa, ikawasili shehena ya viti 300 vya plastiki, vya buluu, vya kukodishwa harusini na misibani, na maadamu plastiki haistahimili jua, viti vikaingia ndani kwa muda na watoto wakatoka nje kwa muda. Muda huo sasa una umri wa miaka sita.

Jumapili iliyopita wingu lilitoka ziwani nasi tumo katikati ya habari za Nuhu. Tulikimbilia upenuni, wakubwa wamejitwika ubao, wadogo wameficha daftari chini ya mashati, tukabanana ukutani huku tukichungulia ndani, ambamo viti vilikuwa vimepangana kwa mirundo, vikavu, vimetulia kama matajiri. Binti mmoja, maji yakimchuruzika mashavuni, alibandika pua yake kwenye wavu wa dirisha akaniuliza, "Mwalimu, kwani viti navyo huumwa kifua?" Nilipekua mwongozo wa masomo; jawabu halimo.

Ndipo fikira ilipoteremka, nami naileta kwenu kwa unyenyekevu: naomba watoto wote wa kanisa letu wasajiliwe kuwa viti.

Msicheke, wazee wangu, nimelitafakari. Kila kiti kina herufi za kanisa na namba kwa rangi nyeupe mgongoni. Basi na kila mtoto aandikwe vivyo hivyo, rangi ikibaki waandikwe na walimu wao. Waingizwe katika daftari la mali, wahesabiwe na mhazini kila Jumamosi jioni, na mwenye kuwaazima atie sahihi ya kuwarudisha wote wazima, atakayerudi na mguu uliovunjika alipiwe fidia. Usiku wapangwe kumi kumi, wadogo juu. Watachekacheka wakipangwa, nakiri, lakini hata viti hulia vikiburutwa. Watakapopelekwa harusini watakula pilau, nayo ni gharama, ila watafagia ukumbi, jambo ambalo kiti hakijapata kulifanya. Na faida iliyo kubwa kuliko zote ni hii: siku ya mgeni rasmi, inapotangazwa "watoto, pisheni wageni," nao wakashushwa sakafuni kwa magoti ili shemeji wa diwani apate pa kuketi, watakuwa wamesalimika, kwa sababu haijapata kutokea duniani kiti kikaambiwa kiondoke ili mgeni akae.

Vijana sijawasahau. Hao waandikwe kuwa maturubai, kwani kazi yao ni ileile. Tulipokwenda Bunda kwenye kongamano la vijana, viti vilisafiri ndani ya fuso vikiwa vimefunikwa turubai, na vijana wakasafiri juu ya turubai. Walipofika wakavishusha, wakavipanga, kisha wakasimama nyuma siku mbili kuwasikiliza wazee wakieleza vijana wanataka nini.

Maombi mengine ni madogo. Kongamano lijalo kijana mmoja apewe kipaza sauti, japo cha kushukuru kwa chakula. Semina ya uchumba mtakatifu iahirishwe hadi apatikane kijana mwenye mahari. Sarafu za sadaka ya watoto zibaki kwa watoto walau Jumapili moja kwa mwaka, tununue chaki.

Mwaka jana kilipotea kiti kimoja katika harusi. Mlikitangaza Jumapili tatu mfululizo, mkaunda kamati, kamati ikaenda nyumba hadi nyumba. Mwaka huohuo kijana wetu wa kwaya, aliyekuwa akiimba besi na kuwafundisha wadogo nyimbo, alitoweka akaenda kuchimba dhahabu Buhemba. Hakutangazwa. Hakuundiwa kamati. Mama yake alikaa benchi la tatu kila Jumapili, na hakuna hata mmoja wenu, hata mmoja, aliyemwuliza mwanao yuko wapi. Mlikuwa mnahesabu viti.

Niwieni radhi, wazee wangu. Ni baridi ya mwembeni inayosema.

Nami najua mnapenda historia, maana kila Oktoba mnatukumbusha kuwa Mwalimu Nyerere ni mtoto wa mkoa huu. Ni kweli. Alitoka Butiama akaingia shule ya Mwisenge, hapahapa Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Mafundisho ya dini aliyafuata angali mwanafunzi, akabatizwa Nyegina mwaka 1943 akiwa na miaka 21. Leo Jimbo Katoliki la Musoma linashughulikia mchakato wa kumtangaza mwenye heri, nami najiuliza angepita mlango gani lau siku ile chumba cha mafundisho kingekuwa kimejaa viti. Na Kizito wa Uganda, mdogo kuliko mashahidi wenzake wote waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, alikuwa na umri wa miaka ipatayo 14. Nadhani hakuambiwa angoje kesho.

Wala msiseme kuwa haiwezekani. Mugumu na Butiama zipo nyumba salama zinazowapokea mabinti wanaokimbia ukeketaji, hasa Desemba, msimu unapowadia, na katika kuzianzisha mna mkono wa watu wa kanisa, watu wa mkoa huuhuu, ambao walipoona bati na ukuta walifikiri mtoto kabla ya kufikiri kodi.

Ikiwa ombi langu la kuwafanya watoto viti litaonekana lina mzaha, nipo tayari kulipunguza: nipewe ufunguo kwa saa mbili za Jumapili asubuhi, viti visogezwe upande mmoja, nasi tutakaa sakafuni bila kuvigusa. Ufunguo anao mtunza stoo. Masika yameanza. Jumapili hii tutaendelea pale mvua ilipotukatiza: Nuhu amekwisha kuwaingiza wanyama wote, mlango bado haujafungwa.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa Mwembeni