Stelingi Hafi

Mimi ni mtaalamu wa filamu. Cheti sina, ila nina makalio yaliyokomazwa na benchi la mbao la kibanda umiza kimoja kule Mbagala, ambako nilisoma kuanzia darasa la tatu mpaka siku mama aliponifuata na kandambili mkononi. Ukumbi ulikuwa wa mabati na magunia, televisheni moja, deki moja, na watu sitini wanaopumua kwa zamu. Mikanda yetu ilikuwa imetafsiriwa, kwa mtindo ule aliotamba nao mtafsiri Lufufu. Picha iwe ya Kichina au ya Kimarekani, wote walisema Kiswahili cha Temeke, na jambazi akipigwa ngumi tulitajiwa mpaka wodi atakayolazwa.

Chuo kile kilikuwa na somo moja tu: stelingi hafi. Atapigwa risasi, ataanguka ghorofani, atatupwa mtoni kafungwa kamba. Wewe tulia, kula karanga zako. Aliyesema "huyu leo anakufa" alionekana mshamba, na akirudia alihamishiwa benchi la nyuma, lenye msumari.

Nimekua na sheria hiyo, na mpaka leo ndiyo ninayopimia filamu kubwa zinazotikisa dunia. Imeshanitia hasara mara kadhaa.

Mwaka 2019 nilikwenda kuangalia Avengers: Endgame. Filamu ile ina dakika 181, nami niliingia na soda ya ukubwa wa ndoo. Nilivumilia saa mbili na nusu, miguu nimeipishanisha. Vita ilipopamba moto, jambazi Thanos anakaribia kushinda, nikajiambia: hapa hakuna wasiwasi, sheria iko palepale. Nikakimbilia msalani. Niliporudi watu walikuwa wanafuta machozi. Nikamwinamia kijana wa kiti cha pembeni.

"Vipi?"

"Kafa."

"Thanos?"

"Thanos naye. Na Tony Stark."

Nikamwambia aache utani na watu wazima. Akanionyesha skrini kwa kidevu: shada la maua linaelea ziwani, wafiwa wamejipanga kwa suti. Stark ndiye aliyeifungua safari nzima ya akina Avengers mwaka 2008, katika Iron Man. Nimemfuata mtu miaka 11, amekufa mimi niko chooni.

Nikasema hiyo ni ajali. Mwaka 2021 ikaja filamu ya James Bond, No Time to Die, nikawakusanya marafiki wanne na kuwapigia hesabu: jina lenyewe linasema hakuna muda wa kufa, sasa mtu asiye na muda wa kufa atakufa saa ngapi? Nikaweka dau, chipsi mayai kwa wote. Mwisho ulipofika Bond alikuwa amesimama kisiwani, makombora yanamshukia. Nikasubiri aibuke baharini akikung'uta koti, kama alivyofanya tangu nikiwa mdogo. Taa zikawashwa. Nikawazuia wenzangu wasiinuke, tukasoma majina ya mafundi umeme na wapishi wote hadi mstari wa mwisho, nao ukaniokoa: James Bond atarudi.

"Mmeona?" nikasimama. "Atarudi!"

"Akirudi utatudai," wakanijibu. "Chipsi ni sasa."

Kuna filamu zinazoilinda sheria hadi inakera. Katika F9, ya mwaka huohuo 2021, jamaa wawili wanafunga maroketi kwenye gari kuukuu aina ya Pontiac Fiero, wanatoka nalo mpaka angani kwenye setelaiti, na wanarudi duniani wazima. Ninayo Vitz ambayo kilima cha Kimara tu hukipanda kwa dua, abiria wameshuka. Kibanda kizima kingekubali stelingi kuruka ghorofa tatu. Mbinguni na gari bovu, hata sisi tungedai nauli yetu.

Kisha ikaja Oppenheimer, mwaka 2023. Saa tatu za wanaume wenye kofia wakibishana vyumbani, wala hakuna hata mmoja aliyepigwa teke. Nilikuwa nimeanza kusinzia lilipojaribiwa bomu. Moto ukajaa skrini nzima, mweupe, halafu kimya. Hakuna mlio. Nikajua spika zimekufa, na miaka yote ya Mbagala ikanipanda kichwani: nikageukia nyuma, kwenye kile kitundu cha mashine, nikapaza sauti, "Fundi! Sauti!"

Watu mia mbili wakanitazama. Na hapo ndipo mlipuko ulipofika. Bisi zangu zikaruka zote, nyingine zikatua kwenye nywele za dada wa mbele, na mwenzake akanieleza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi: "Kaka, mwanga hutangulia, sauti huja baadaye. Kama radi." Nikamshukuru. Kibandani fundi angeshapigwa kiatu muda mrefu, sayansi au si sayansi.

Baada ya aibu hizo nikaanza kuchunguza sheria yangu ilitoka wapi, na nilichokigundua kilinishika pabaya. Rambo, stelingi wa mastelingi, alipaswa kufa. Katika riwaya alimozaliwa, First Blood ya David Morrell, iliyotoka mwaka 1972, anakufa. Hata filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1982, ilipigwa mwisho ambao anakufa. Wakawaonyesha watazamaji wa majaribio, watazamaji wakachukia, na Rambo akaachwa hai. Amekuwa akirudi hadi 2019. Kumbe Marekani nako kulikuwa na benchi lenye msumari.

Nilikuwa bado naitafakari habari hiyo mwaka 2024, shangazi yangu alipokuja kutoka Pangani kutibiwa macho. Daktari alipomruhusu kutumia macho yake, akataka kuyatumia vizuri: nimpeleke sinema. Iliyokuwapo ni A Quiet Place: Day One, ya Lupita Nyong'o, na shangazi akishasikia mtu ana asili ya Kisumu humhesabu kuwa jirani. Sikumweleza kwamba madude ya filamu ile hayana macho. Yanawinda kwa masikio: ukikohoa, umekwisha. Hivyo waigizaji wako kimya, na watazamaji nao hunyamaza kwa woga, ukumbi mzima unasikia saa ya mkononi ya mwenzio.

Wala mimi sikuelezwa kwamba chini ya baibui kulikuwa na visheti.

Tulikaa katikati ya safu. New York imeshavamiwa, Lupita amejibanza, kiganja mdomoni, dude linapita karibu kabisa. Na pale, ubavuni mwangu, nikasikia: chaka, chaka, chaka.

Kwa mlio nikaujua. Ulikuwa mfuko wa rambo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na kila mtu alisalimisha yake isipokuwa shangazi, ambaye amebaki na mmoja, anaufua, anauanika, anaukunja kama hati ya shamba. Ile mifuko ilipewa jina la Rambo mwenyewe enzi picha yake imechapwa juu, jina likabaki hata picha ilipotoweka. Miaka yote hiyo plastiki ilikuwa imekauka, inalia kuliko majani ya mgomba.

"Shangazi," nikanong'ona, "kimya."

"Nimenyamaza mie. Mfuko ndio wasema."

"Basi uache."

"Nauacha vipi na mkono umo ndani?"

Akautoa mkono polepole, kwa huruma, na polepole ile ndiyo iliyotumaliza: mlio ambao ungekwisha mara moja ukachukua dakika nzima. Dude kwenye skrini likageuza kichwa. Naapa liligeukia upande wetu. Mzee wa safu ya nyuma akasema, "Jamani, mtatuua." Shangazi akaona heri amalize kazi, akatia kisheti mdomoni, akakitafuna. Kisheti cha Pangani hakitafunwi kimyakimya.

Baada ya hapo akaanza kumshauri Lupita. "Usipite huko, mwanangu. Mwone, huyoo." Na kila mara alikuwa sahihi, kiasi kwamba yule mzee wa nyuma aliacha kulalamika akaanza kuuliza, "Na sasa mama, atatoka?" Kwa robo saa hivi tulikuwa Mbagala tena, na shangazi ndiye anatafsiri.

Mwisho ulipokaribia nikaanza kuogopa kwa ajili yake. Lupita anaigiza mgonjwa wa saratani ambaye tangu mwanzo siku zake zinahesabika, na sasa yuko peke yake barabarani, anaachia muziki usikike wazi, anajua kitakachokuja. Dude likashuka nyuma yake. Giza.

"Pole, shangazi," nikasema. "Siku hizi stelingi anakufa."

Akanitazama kama mtoto aliyefeli. "Nani kakwambia stelingi ni yule binti? Paka je?"

Nikarudisha mkanda kichwani. Kuna paka, anaitwa Frodo. Katumbukia majini, kapita kwenye vifusi na katikati ya madude, hakulia hata mara moja, na mwishoni kapanda mashua na kuondoka mji ukiwaka. Lupita mwenyewe alikuwa anaogopa paka kabla ya filamu ile, na ilipokwisha akaenda kumfuga mmoja. Dakika 99 nimezikodolea, stelingi kanipita mbele yangu kwa miguu minne.

"Roho ya paka," shangazi akasema, akikunja mfuko wake. Chaka, chaka.

Mlangoni mlinzi akauona. "Mama, mifuko hii imekatazwa kutupwa ovyo na kutumika. Huko Pangani hamjui?"

"Twajua, baba," shangazi akamjibu, akiurudisha chini ya baibui. "Ndio maana siutupi."