Namna Bora ya Kufika Marekani Bila Kujiandaa: Mwongozo kwa Mtu wa Mtabila

Mwongozo huu umechelewa. Ulipaswa kubandikwa kwenye mbao za matangazo za kambi ya Mtabila, Kasulu, mwaka 2007, safari za Marekani zilipoanza na kila asubuhi watu wakisukumana kutafuta majina yao. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Ukifika pale leo utawakuta vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kikosi cha 825, wakipiga mchakamchaka palipokuwa na foleni ya posho. Lakini kambi ya Nyarugusu ilibaki baada yake, na ushauri mbaya hauchachi.

Sharti la kwanza la kuwa msafiri asiyejiandaa ni kuwa na uzoefu wa miaka 35. Yaani ulivuka mpaka wa Burundi mwaka 1972, yale mauaji yalipoanza, ukiwa mgongoni mwa mama yako. Mkafika Rwanda, mkalima, mkajenga. Mwaka 1994 Rwanda nayo ikawaka, mkabeba masufuria tena. Au mlielekea Zaire, mkakaa Kivu hadi 1996, vita ikawakuta hukohuko. Ndipo mkaja Kigoma: wengine Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu, wengine Kanembwa na Mtendeli upande wa Kibondo. Kazi ya kufika mahali pageni usiku, na watoto, bila lugha, bila kumjua mtu, umeisomea kwa vitendo. Duniani hakuna profesa wa kufika anayekuzidi.

Kwa hiyo utapangiwa mafunzo ya siku chache ya namna ya kufika.

Hudhuria yote. Mwalimu ataonyesha picha ya jokofu, picha ya theluji, na picha ya choo ambacho mtu hukalia na si kukipanda. Atasema kule watu huheshimu saa. Tikisa kichwa, na usimkumbushe kwamba wewe umesubiri jibu la Marekani muda mrefu kuliko umri wa baadhi ya wanafunzi wake. Atarudia mara nyingi namba ya dharura, 911. Usihangaike kuikariri, watoto wako watakuwa wameshaishika, na siku moja wataitumia ukiwa umenyanyua fimbo.

Sasa mizigo. Utapewa mfuko wa plastiki wenye herufi kubwa IOM, za shirika la uhamiaji, ndani mna karatasi zenu na picha ya eksirei ya kifua. Wasafiri wengine hutembea na picha za harusi. Wewe utatembea na picha ya mapafu. Usithubutu kuuficha ndani ya begi ili uonekane mtu wa kawaida. Ule mfuko ndiyo uso wako. Katika kila kiwanja cha ndege kuna mtu anayeutafuta kwa macho, akiuona anakuja mbio, anawahesabu kama mbuzi mnadani, anawapeleka lango jingine. Ukiuficha, mtakaa Ulaya hadi watoto waote ndevu.

Mavazi: kandambili na sweta jepesi. Mtu wa Kasulu hatishwi na baridi, si ndiye anayeamka Juni na ukungu hadi mlangoni? Jigambe hivyo kwa wenzako kwenye ndege, hasa kama mnatua Januari.

Kwenye ndege kula kila kitu, hata kile cha njano kilichofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Ni siagi.

Mkifika kwenye ngazi zinazotembea zenyewe, simameni wote wanane mbele yake mkishikana mikono, mkisubiri zisimame. Hazitasimama. Foleni itakayotokea nyuma yenu itakupa nafasi ya kujifunza maneno yako ya kwanza ya Kiingereza.

Kisha dawati la afisa wa uhamiaji, na hapa twende polepole, kwa sababu hapa ndipo ukoo wako utakapovunjwa na kuungwa upya kwa dakika chache. Afisa atafungua karatasi. Baba ni Nzeyimana. Mke ni Nahimana. Miongoni mwa watoto wamo Bukuru, Ndayishimiye na Niyonkuru. Kwa Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa jinsi Mungu alivyotenda mwaka ule au kwa hali ya nyumba siku ile; Bukuru ni pacha aliyetangulia. Afisa atainua macho: hawa ni familia moja kweli? Kisha ataziona tarehe. Baba kazaliwa tarehe 1 Januari. Mama, tarehe 1 Januari. Bibi naye Januari mosi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kalenda, na fomu haikuwa na nafasi ya kuandika "wakati wa mavuno ya mtama, kabla ya mvua ile kubwa." Usijaribu kueleza. Wewe tabasamu. Kuanzia siku hiyo mtasherehekea kuzaliwa kwenu pamoja na mwaka mpya, kwa keki moja, na huo nao ni uchumi mzuri.

Mji huuchagui wewe. Inaweza kuwa Dallas, Louisville, Boise, au Concord kule New Hampshire. Hukuwahi kusikia hata mmoja, na miji yenyewe haikuwahi kukusikia, kwa hiyo hakuna anayedaiwa.

Mlangoni atawangoja mfanyakazi wa shirika la mapokezi, binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye huruma ya kweli na gari dogo. Atamwita mzee kwa jina lake tupu. Mama, ambaye tangu mtoto wake wa kwanza kuzaliwa hajaitwa ila Mama Bukuru, atasikia jina lake la ubatizo likitamkwa barabarani na mtu asiyemfahamu, na ataangalia nyuma kuona ni nani anayeitwa. Kisha binti atamwomba amfungue mtoto mgongoni. Mtoto atafungwa mikanda kwenye kiti chake peke yake, na atalia hadi nyumbani. Hiyo ni sheria, katika majimbo yote, na ukweli ni sheria nzuri. Lakini usitarajie mama akubali siku hiyo kwamba mgongo wake, uliovuka mipaka mitatu, si salama kuliko plastiki.

Mkalimani naye yupo. Amepatikana kwa shida, na anazungumza Kifaransa, kwa sababu mtu ofisini amesoma kwamba Burundi ni nchi ya Kifaransa. Wewe umekulia ukimbizini, una Kirundi, una Kiswahili, una Kinyarwanda cha kuuzia ng'ombe. Mjibu "oui" kila anapotulia. Mambo yataenda.

Nyumba itakuwa tayari, maana vifaa vyake vina orodha rasmi ya serikali: kitanda, kiti kimoja cha jikoni kwa kila mtu, uma mmoja, kisu kimoja na kijiko kimoja kwa kila mtu, kikaango, kifungulia makopo, saa ya kengele ya kuamshia. Mtu mmoja huko Washington aliketi akawaza maisha mapya yanahitaji nini, akafika kwenye kifungulia makopo. Mimi simcheki sana. Wengi wamewahi kuwapokea wageni bila hata uma. Lakini mwiko wa ugali hakuuwaza.

Orodha hiyohiyo inataka mkute chakula tayari, kinacholingana na mila zenu. Wasamaria wema wa kanisa watakuwa wamehangaika kutwa nzima. Watafunua bakuli, na humo mtakuta injera ya Waethiopia, kwa kuwa Addis Ababa na Bujumbura zote ziko Afrika. Kuleni na mshukuru. Nanyi mngewapikia Wamarekani chakula cha Warusi, mkaona mmewakaribisha.

Binti ataaga, na atarudi kesho yake kuhakikisha mko hai. Mlango utajifunga wenyewe nyuma yake. Sasa ndiyo siku yako ya kwanza inaanza, na hili hakuna aliyelitaja kwenye mafunzo: kimya. Mtabila ukuta wa tope ulikuambia jirani kakohoa, kala nini, kagombana na nani. Hapa kuna familia juu ya kichwa chako na nyingine chini ya miguu yako, na hujui hata kama ni watu. Toka nje ukasalimie. Atapita mtu anakimbia, na hafukuzwi na yeyote. Mwambie "Amahoro." Atapunga mkono bila kupunguza mwendo. Msubiri arudi akuulize habari za safari. Subiri tu.

Ukichoka kusubiri, utataka kutembea, na hapo utafanya kosa la kistaarabu kabisa: utauliza kibali cha kutoka kinatolewa wapi. Kigoma ukivuka kilomita nne kutoka kambini bila karatasi, ulikuwa mikononi mwa polisi. Hapa hakuna kizuizi, hakuna sungusungu, hakuna mkuu wa kambi. Tembea. Baada ya kona ya tatu utagundua kwamba nyumba zote zina rangi moja, na kwamba uhuru hauna namba ya bloku. Rudi kwa kunusa. Yako ndiyo ile ambayo mama ameshaanza kuunguza kitu kwenye jiko lisilo na moto, na king'ora cha moshi kinaimba.

Kabla ya kulala toa karatasi zote mfukoni. Miongoni mwake kuna ile uliyotia saini: tiketi zenu zilikuwa mkopo. Hauna riba, na utaanza kuulipa miezi michache ijayo. Basi umelala usiku wako wa kwanza katika nchi ya watu huru ukidaiwa nauli ya watu wanane. Usimwambie bibi.

Kazi ya mwisho ni kupiga simu nyumbani, ukishapata kadi ya simu. Mtabila kutakuwa asubuhi, na simu itakuwa moja kati ya watu thelathini. Usieleze theluji, hawatakuamini. Usieleze mkopo, watadhani ni uchoyo. Sema mmefika salama, mmekula, kuna maji ndani. Watashukuru Mungu kwa sauti, wataulizana kama umeshaanza kazi, halafu simu itachukuliwa na jirani yako, ambaye amesubiri kwa adabu hadi dakika zinaelekea kuisha. Atauliza kama lile turubai la nyumba yenu anaweza kulichukua kabla mvua hazijaanza. Mkubalie upesi. Akiulizia mlango, mwambie una mwenyewe.