Namna ya Kufeli kwa Siri

Mdogo wangu, leo nakufundisha kufeli. Sisemi kule kufeli kwa ubao wa matangazo, namba yako imesimama mbele ya neno sapu na wenzako wanaisoma kwa sauti. Huko ni hadharani, na habari itafika kijijini kabla yako. Nataka ufelie geto, mlango umefungwa, shahidi hakuna, na ufeli mara nyingi kadiri nafasi inavyoruhusu kabla siku yenyewe haijafika. Katika njia zote za mkato za kusoma ninazozijua, hii ndiyo inayofika.

Usione haya kwamba unaogopa aibu. Sote tunaiogopa, na huku Kagera tunaiogopa zaidi. Wewe ni mtoto wa mkoa uliomtoa Laurean Rugambwa, aliyepita seminari ya Rubya akaja kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, na ukirudi Kamachumu likizo hutakosa mzee wa kukukumbusha hilo, kisha akuulize GPA. Nchi nzima imezoea kutuita kina nshomile, yaani “nimesoma”. Basi usipigane na hiyo tamaa ya kuonekana msomi. Iajiri, ikufanyie kazi.

1. Acha kurudia unachokijua

Ingia maktaba ya chuo chochote wiki ya mwisho wa semista. Utaona madaftari yamepakwa hailaita ya njano hadi hakuna mstari uliobaki mweupe, na mwenye daftari anasoma ukurasa uleule kwa mara ya nne, ametulia, anatikisa kichwa kukubali. Anajisikia vizuri kwa sababu maneno yamezoeleka machoni. Kesho kutwa karatasi itamuuliza bila kumwonyesha maneno hayo, na hapo ndipo atakapogundua kwamba alikuwa anayatambua tu.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walilipima jambo hili. Waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likarudia kusoma. Jingine likasoma, likaweka kifungu kando, likaandika linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, wale walioandika kwa kukumbuka waliwapita wazi. Mtihani wako hauko dakika 5 mbele, kwa hiyo chagua kundi la pili.

Fanya hivi. Soma mada mara moja, kwa makini. Funga daftari. Chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka, kisha fungua daftari na uzungushie kwa kalamu nyekundu ulichosahau na ulichokosea. Hicho chekundu ndicho cha kusoma kesho. Kilichobaki achana nacho, umeshakipata, na muda wako si wa kuchezea.

Chukua hesabu ya dozi, ambayo kila anayesomea uuguzi, awe Rubya, Ndolage au Bukoba mjini, lazima akutane nayo. Mtoto ana kilo 16. Anatakiwa apewe parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo. Chupa ya dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Umpe mililita ngapi? Ukiitazama imefanywa ubaoni unasema hii nyepesi. Funga daftari uifanye mwenyewe: 16 mara 15 ni 240, gawanya kwa 120 unapata 2, mara 5, mililita 10. Ukikwama katikati, pongezi, umefeli mahali salama, na hakuna mtoto aliyezidishiwa dawa. Wa VETA Burugo naye achore bila kutazama mchoro wa taa ya ngazi yenye swichi mbili, moja chini na moja juu. Mkono ukisita, umepata pa kuanzia.

2. Nunua maswali mapema

Nenda steshenari. Kila chuo kina yake, na kila steshenari ina bahasha ya pasti pepa za miaka iliyopita. Hii ndiyo namna ya halali ya kujua mtihani kabla ya mtihani, maana watunzi wana mazoea. Panga karatasi tatu au nne pembeni na uone mada gani haikosi.

Usizisome pasti pepa kama gazeti, na usianze na majibu ambayo mtu ameyaandika pembeni kwa penseli. Mengi ya hayo ni matango pori. Weka simu mbali baada ya kutega saa, kaa kitako, uifanye karatasi nzima kwa muda wake kamili. Sahihisha bila kujihurumia. Utapata 38. Ichane ukipenda, au ifiche chini ya godoro. Wiki ijayo rudia, itakuwa 51, na bado hakuna aliyejua.

3. Tengeneza nondo, kisha iache geto

Najua kuna anayefikiria kuingia na nondo. Tuzungumze kama watu wazima. Kuitengeneza ni kazi nzuri sana: unachukua semista nzima, unaibana kwenye kikaratasi cha ukubwa wa kiganja, unalazimika kuamua kipi ni mzizi na kipi ni tawi, unaandika kwa herufi ndogo na akili yote iko hapo. Ukimaliza, sehemu kubwa ya hiyo nondo imeshaingia kichwani. Kwa hiyo itengeneze. Ibane tena iwe nusu. Kisha iandike upya bila kuitazama, na asubuhi ya mtihani iache mezani.

Ukiingia nayo unajiongezea mtihani wa pili juu ya ule wa kwanza, wa kumkwepa msimamizi, na adhabu yake ni disko, kufukuzwa chuo. Kisha kuna jambo linalonigusa zaidi ya disko. Miaka miwili ijayo utakuwa zamu ya usiku wodini, saa tisa, mama amekuletea mtoto wa kilo 16 anayechemka. Pale hakuna wa kumwangalizia.

4. Jitolee kufundisha usichokijua

Hapa ndipo majivuno yanapolipa. Diskasheni nyingi hufa kwa sababu kipanga mmoja anaongea na wengine wanaandika. Wewe geuza. Jumatatu, mbele ya kundi zima, tangaza kwa sauti ya kujiamini: mada ya moyo na mzunguko wa damu nitaifundisha mimi Alhamisi. Usiseme kwamba huijui. Kuanzia dakika hiyo hakuna wa kukusukuma, maana sasa jina lako liko rehani, na utashangaa jinsi utakavyosoma.

Kama uko Katoke unasomea ualimu una faida kubwa zaidi: umeshafundishwa kuandika andalio la somo. Jiandikie la mada inayokushinda, na malengo yake, na maswali utakayowauliza wanafunzi. Halafu waombe wenzako wakuulize maswali ya kijinga. Swali la kijinga ndilo linalofichua kwamba ulikuwa umekariri sentensi bila kuelewa.

5. Sahau kidogo, kisha rudi

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alichapisha matokeo yake mwaka 1885. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea ndani ya saa na siku chache za mwanzo, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kulundika kila kitu siku moja. Saa 6 za Jumapili zigawe: 2 leo, 2 Jumatano, 2 wiki ijayo. Umetumia zilezile, umepata zaidi. Mvivu mwenye akili hawezi kupewa zawadi nzuri kuliko hiyo.

Kurudia kwenyewe hakuhitaji meza. Unatoka Muleba kwenda Bukoba kwa haisi, umebanwa katikati ya mama mwenye ndizi na kijana mwenye kuku. Jiulize swali moja ukiondoka stendi. Ukifika Muhutwe uwe umelijibu kimoyomoyo, uanze la pili. Kemondo la tatu. Rwamishenye la nne. Ukishuka, fungua daftari ukague. Nauli ni ileile.

6. Umeme ukikatika

Usilaumu. Giza ndilo linalokuzuia kuchungulia daftari. Mwambie mnayekaa naye chumba kimoja akuulize, ujibu, mbadilishane hadi umeme urudi.

7. Usiku wa mwisho, lala

Hili utalikataa, kwa sababu kukesha kunaonekana. Mtu aliyekesha huingia chumba cha mtihani na macho mekundu, na kila mmoja anajua amepiga msuli. Lakini mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid, watafiti wa Australia, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi ya umakini kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, hali hiyo unaifikia saa tano usiku, na hapo mwenzako wa kukesha ndio kwanza anafungua daftari. Usingekubali kuingia kwenye mtihani umepiga rubisi. Basi usiingie hivyo pia. Usingizi wenyewe ni sehemu ya kusoma, kwani ubongo huendelea kuyapanga ya mchana wewe ukiwa umelala.

Kuhusu kahawa nina neno, maana hapa kwetu tunaitafuna. Robusta yetu ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kwa mtu mzima kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo uliyoitafuna saa nne usiku, saa tisa nusu yake bado iko kazini. Itafune asubuhi au mchana, pamoja na wageni na wazee. Ikifika jioni iache kwenye kibakuli.

Na senene wakishuka Novemba, nenda. Saa moja ya kuwakusanya, kucheka na kukimbizana haitakuharibia semista. Rudi kabla ya usiku wa manane, ule, ulale.

8. Hofu ipe karatasi

Moyo kudunda asubuhi ya mtihani si ugonjwa, mwili unajiandaa. Kama hofu imekuzidi, fika mapema, kaa peke yako, na kwa dakika 10 andika unachokiogopa: nitafeli, ada ya baba itapotea, watanicheka. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walichapisha utafiti uliokuta kwamba wanafunzi walioandika hivyo muda mfupi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi, hasa wale wenye hofu kubwa. Ukimaliza, kunja karatasi uitupe.

Hofu nyingine haitoki kwenye daftari. Inatoka kwa mhasibu. Malipo ya kahawa hayafuati kalenda ya chuo, na wiki ya mtihani si wiki ya kuanza kueleza kwamba mzazi bado anasubiri chama cha ushirika. Mwendee mhasibu mwezi mmoja kabla, na barua mkononi, utaje kiasi ulichonacho na tarehe ya kumalizia. Sauti ya mwenye barua husikika kuliko ya mwenye machozi mlangoni.

Na hili nalisema polepole. Ikiwa hulali siku nyingi mfululizo, chakula hakipiti, au umeanza kuwaza kwamba ni heri usingekuwepo, weka madaftari chini. Mtafute leo hii matroni, mshauri wa wanafunzi, padri, mchungaji, shehe, dada yako, yeyote unayemwamini, umwambie kwa maneno hayohayo. Nenda hospitali pia. Hakuna semista yenye thamani ya kukupoteza wewe.

9. Chumba cha mtihani

Soma karatasi nzima kwanza. Kanuni unazoogopa kuzisahau ziandike pembeni dakika ya kwanza. Gawa muda kwa alama: karatasi ya alama 100 kwa saa 3 inakupa dakika 18 kwa swali la alama 10, zikiisha, hama hata kama hujamaliza. Anza na unachokiweza. Ukiona mwenzako anaomba karatasi ya nyongeza nusu saa tu baada ya kuanza, mwache, labda ana mwandiko mkubwa.

Ukitoka, usisimame pale nje wanaposahihishana. Yaliyoandikwa hayabadiliki, na kesho una karatasi nyingine. Nenda sokoni kale.

10. Sapu ikija

Hata mwenye kufuata yote haya anaweza kuipata. Usijifiche, na usimwambie mama yako kwamba matokeo hayajatoka. Mwambie mwenyewe, mapema, kabla binamu hajamwambia. Kabla hujapanda gari kwenda likizo, mwendee mkufunzi, msalimie vizuri, umwombe akuonyeshe ulipopotezea alama. Wengi hawaombi. Andika alichokuambia kwa kalamu nyekundu, pitia steshenari ununue karatasi za miaka mitatu ya somo hilo, na ya kwanza uifanye siku utakayofika nyumbani, baada ya chakula cha jioni.