Papa, Huku Hatugawanyi Hivyo

Hata mstari ulionyooka ukivuka mipaka hupewa jina jipya. Kule Uvira, Kongo, tulifundishwa kuuandika kwa Kifaransa: y = ax + b. Ulipofika Malawi ukapokewa kwa Kiingereza, ukaandikwa y = mx + c. Ni mstari uleule. Herufi ya kwanza ni mteremko, ya pili ni pale unapoukata mhimili wa y. Lakini hebu mweleze hivyo mtoto mwenye mtihani kesho asubuhi.

Nyumbani kwetu, hata hivyo, ugomvi mkubwa ni wa kugawanya. Ungedhani Dzaleka tungekuwa mabingwa: kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa 1994 palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo tumepita 50,000. Basi binti yangu akaleta 156 igawanywe kwa 12. Mdogo wangu, aliyefundisha shule Kongo na hajaacha kutufundisha sisi, akalinyakua daftari. Akaandika 156, akachora mstari wima kulia, 12 akaiweka ng'ambo, na jibu, 13, akaliandika chini ya 12. Mtoto akamtazama kama mtu aliyevaa viatu mikononi.

"Papa mudogo, umegeuza. Huku 12 inakaa kushoto, 156 inaingia ndani ya nyumba, jibu inapanda juu ya paa."

"Na jibu si ni ileile?"

"Ni ileile. Lakini mwalimu ataikata."

Jirani Mrundi aliyekuja kuazima jembe akaona mstari wima, akaunga mkono upande wa Kifaransa bila kuulizwa. Jembe likasahaulika. Mke wangu, jikoni, akauliza kama kuna njia yoyote kati ya hizo inayoosha sufuria.

Koma nayo ina vituko vyake. Kwa waliosoma Kifaransa, 2,5 ni mbili na nusu, na maelfu mtu huyatenga kwa nukta. Malawi ni kinyume. Jirani yetu mwingine alifungua kibanda, akaandika kwenye kibao bei ya mafuta ya kupikia: K2.500. Mteja wa kwanza, Mmalawi mwenye utani, akaweka kwacha mbili mezani, akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta tambala hamsini. Mwenye duka akadhani anatukanwa. Walielewana baada ya watoto kukusanyika, maana watoto ndio wakalimani wa hesabu hapa. Kibao kilipakwa upya jioni ileile.

Kijana wangu mkubwa, yeye, aliamua kuipatia minibasi ya Lilongwe mlinganyo. Abiria mwenye gunia moja alilipa kwacha 4,000, mwenye matatu 7,000. Nukta mbili zinatosha: magunia mawili zaidi, kwacha 3,000 zaidi, kwa hiyo mteremko ni 1,500; toa gunia la kwanza, nauli tupu ni 2,500. Akaandika y = 1,500x + 2,500 mgongoni mwa daftari, akatangaza kwamba mama wa magunia mawili atalipa 5,500. Yule mama akapanda, akamwambia konda "Muli bwanji, achimwene?" kwa Kichewa kitamu kabisa, akalipa 5,000. Nyuma yake akaja bwana wa magunia mawili, aliyesalimia kwa Kiswahili. Akalipa 6,000. Kijana alitafuta kwenye kitabu ni herufi gani inayosimamia salamu, hakuiona. Mimi nasema konda yule anajua hesabu kuliko kitabu.

Lakini aliyeumizwa na namba kwelikweli ni binamu yangu. Alikuwa na shughuli Area 23. Minibasi ilipofika Area 25 akashuka, akajiambia zimebaki mbili tu, nauli ya nini? Area 25 iko kaskazini mwa Lilongwe, na 23 iko kusini, jiji zima likiwa katikati. Alitembea jua la saa sita akiuliza njia, kila anayemuuliza akimtazama miguu kwanza. Alifika ofisi zimefungwa.

Namba zile zilitolewa kadiri maeneo yalivyopangwa na kujengwa, si kwa ujirani. Kwa hiyo ndugu unayetoka kambini kwenda mjini, usijumlishe wala kutoa: kaa kwenye kiti chako, umuulize konda. Na umsalimie kwa Kichewa.