Barua ya Wazi kwa Waziri: Naomba Lami ya Florida Road Isajiliwe Kuwa Karakana

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Mafunzo,
Pretoria.

YAH: KUHESABIWA SAA ZANGU ZA KAZI

Mheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Morningside, Durban, ninakoangalia magari ya watu waliokwenda kula.

Kwanza nikupongeze. Mpango wa Taifa wa Maendeleo unasema ifikapo mwaka 2030 nchi iwe inatoa mafundi 30,000 kila mwaka. Mwaka 2014 wizara ikatangaza kabisa Muongo wa Mafundi, ili vijana waone kwamba ufundi nao una hadhi yake. Muongo umekwisha, nami ndiyo kwanza naitikia mwito. Uniwie radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa natafutia watu maegesho.

Mimi ni mwalimu wa hesabu kutoka Uvira, Kongo, na nimeamua kubadili kazi: nataka kuchonga vyuma kwa mashine za CNC, zile zinazoongozwa na kompyuta. Siku za kazi, jioni, niko darasani. Ijumaa na Jumamosi usiku niko Florida Road na kizibao cha kung'aa, ambacho hulipiwa kila siku kwa bwana mmoja ambaye sijawahi kumwona amesimama juani.

Masomo yananoga. Nasoma michoro, najua chuma cha pua hakikatwi kwa kasi ya alumini. Najua amri ya G00 hukipeleka kisu mbio hewani na G01 hukipeleka taratibu ndani ya chuma, na kwamba anayezichanganya hizo mbili atanunua kisu kipya, au aombe Mungu kiwe kisu tu. Programu zangu naziandika kwenye daftari la mistari. Daftari halijawahi kukata kitu, ila pia halijawahi kugonga. Mashine yenyewe chuoni ipo. Imefunikwa turubai safi, na hufunuliwa wageni wakija kupiga picha.

Sasa nije kwenye shida, ambayo bila shaka ni yangu wala si ya mfumo. Wizara imechora njia ya hatua saba za kuwa fundi. Ya pili ni nadharia, ya tatu ni mkataba, ya tano ni kazi yenyewe kiwandani, ya sita mtihani wa ufundi, ya saba cheti. Hatua ya pili inauzwa kwa yeyote mwenye ada, na mimi nimeinunua. Ya tatu haiuzwi. Kiwanda kimoja upande wa Jacobs kiliniambia kinamtaka mwenye uzoefu. Nikauliza uzoefu unapatikana wapi. Kiwandani, nikajibiwa. Dada wa mapokezi alikuwa na huruma, akaniandikia namba ya kiwanda kingine, nacho kikanipa namba ya kile cha kwanza.

Halafu kuna karatasi yangu. Kibali cha mwomba hifadhi, kile cha kifungu cha 22 cha Sheria ya Wakimbizi ya 1998, kwa kawaida hutolewa kwa miezi tu, mara nyingi sita. Uanagenzi huchukua miaka mitatu au zaidi. Hesabu hiyo meneja yeyote anaifanya haraka kuliko mashine ya Fanuc. Si kwamba sina haki. Mwaka 2003, katika kesi ya Watchenuka, Mahakama ya Rufaa ilikataa waomba hifadhi wazuiwe kwa jumla wasifanye kazi wala kusoma, kwa sababu ya utu wao. Haki ninayo, nimeilaminisha. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba nayo ikaona, kwa wingi wa majaji, kwamba sheria inayotaka walinzi wa usalama wawe raia au wakaazi wa kudumu si ubaguzi usio wa haki. Mkimbizi anaweza kuomba aruhusiwe kipekee. Ndiyo maana hapo juu sikuandika kwamba nalinda magari. Nayaangalia tu, kwa mapenzi.

Usidhani ni kilio cha wageni peke yao. Vijana wa Umlazi na KwaMashu ninaokaa nao dawati moja wana vitambulisho vya nchi hii na Kizulu cha kuzaliwa, nao wameganda hatua ya pili kama mimi. Kuna wanaosema mgeni ndiye aliyewanyang'anya kazi. Wamepekua begi langu, wamekuta daftari.

Hapahapa Morningside, pale Mitchell Park, kuna mfano ambao wizara ingeuiga. Mwaka 1928 aliletwa tembo aitwaye Nellie, zawadi ya Maharaja wa Mysore. Mhamiaji huyo hakukaa bila kazi: alibeba watoto mgongoni, akapuliza kinanda cha mdomo, akapasua nazi kwa mguu. Sijasoma popote kwamba aliambiwa kwanza alete uthibitisho wa nazi alizopasua India.

Kwa hiyo naomba Florida Road isajiliwe kuwa karakana, na saa zangu ziingizwe kwenye kitabu cha mwanagenzi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. BMW inarudi nyuma mtelemkoni, Hilux iko huku, nguzo iko kule. Mkono wa kulia ni mhimili wa X, wa kushoto ni wa Z. Vidole vikipepea upesi, hiyo ni G00. Kiganja kikishuka polepole, G01. Ngumi ni M30, mwisho wa programu. Mwanya unaoruhusiwa ni vidole viwili kati ya bampa na bampa, dereva keshakunywa, na mvua ya Durban inafanya kazi ya kipoozeo. Kiwandani, chuma kikiharibika hutupwa kwenye pipa la chakavu. Kwangu, chuma kikiharibika hufungua mlango, hushuka, na kuniuliza jina.

Nasikia wataalamu wa mitihani ya ufundi wako INDLELA, kule Olifantsfontein. Watume mkaguzi Ijumaa yoyote, saa mbili usiku, migahawa ikiwa imejaa. Aje na mikromita yake, na gari refu kuliko yote waliyonayo. Asipokwaruzwa, agonge muhuri wa hatua ya tano. Ile ya tatu tutaijadili akishiba. Sarafu asinipe, isije ikaonekana nimeajiriwa.

Wako mtiifu,
Mwanagenzi wa hatua ya pili,
Florida Road, upande wa kushoto ukipanda.